Bei ya Kitabuni

Kila mwisho wa Disemba Kuriakose
huja dukani Ruwi na kikokotoo chake,
shati la mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni,
nyeusi na nyekundu,
nami hupanda ngazi nikahesabu.

Rimoti za televisheni, mia tatu na arubaini.
Kanda tupu za video, maboksi kumi na moja.
Karatasi za faksi, zile za kujiviringisha,
ukizifungua leo zimekwisha geuka rangi ya chai
kabla hazijaandikwa neno.
Chaja za simu zenye pini nyembamba,
pini ambayo hata mafundi wa nyuma ya msikiti
huitazama kama picha ya marehemu
wasiyemkumbuka jina.

Baba alizinunua Dubai, mwaka wa elfu mbili na mbili,
kontena zima, bei ya jumla,
akarudi usiku kwa njia ya Hatta
anacheka peke yake garini.
"Shamsa, mali kavu haiozi," aliniambia.
"Kinachooza ni nyanya."

Baba yake aliuza nyanya Darajani.
Kuoza alikujua: kuna harufu, kuna nzi,
kuna maji yanayochuruzika chini ya tenga.
Hakujua kuna kuoza kusikonuka,
kitu kikabaki kimetulia ndani ya nailoni yake,
kizima, kinang'aa, vibonye vyote mahali pake,
na kimeoza.

Wanasema mali bila daftari huisha bila habari.
Hii ilikuwa na daftari.
Kila boksi lina namba kwa mwandiko wake,
tatu zake zina mkia kama ndoana.
Imekwisha vilevile,
na habari hatukuletewa.

Kuriakose alimsihi miaka na miaka:
tupunguze kidogo, mzee, iwe mbili, iwe moja,
iwe hata baisa mia tano.
Baba alimwagizia chai ya karaki, akabadilisha mazungumzo.
Basi kitabuni tukawa matajiri.
Stoo akaitilia AC, vibonye visiyeyuke Juni,
na nyumbani mama analala na feni.

Amefariki Shawwal.
Mwaka huu niliyeulizwa ni mimi.
"Andika sifuri," nikasema,
na kalamu nyekundu ikapita
muda mfupi kuliko wa kupuliza chai.

Baada ya alasiri akaingia Bi Thuwaiba, kutoka Samail,
na mjukuu anayechezea funguo za gari.
Alitoa mkobani rimoti iliyofungwa kwa mpira,
mgongo umebanwa kwa plasta ya kidonda.
Maduka manne amezunguka. Wamemcheka mawili.
"Wanangu wameniletea ile bapa, nikawarudishia.
Yangu ina mgongo, lakini inanijua."

Nikapanda. Boksi la saba, safu ya chini.
Nikapuliza vumbi, nikatia betri, nikabonyeza:
kitaa chekundu kikawaka, kidogo kama punje ya mtama,
kana kwamba kilikuwa kimekaa macho
miaka yote ile, kikisubiri kidole.

"Kiasi gani, mwanangu?"

Nikamtazama Kuriakose. Akatazama kalamu yake.
Kitabuni, sifuri, wino haujakauka.
Juu ya boksi, tatu yenye mkia.

"Riyali tatu," nikasema.

"Tatu! Kitu kikuukuu hivi? Chukua moja na nusu."

Mungu anisamehe, nilifurahi.
Hakuna anayepatana bei
ya kitu kisicho na bei.
Tulivutana hadi mbili na baisa mia mbili,
mjukuu akaona haya, akatoka nje.

Kuriakose akauliza ataiandika wapi,
kitu tulichokifuta asubuhi na kukiuza jioni.
Sikumjibu.
Mia tatu thelathini na tisa zimebaki.
Nikapanda ngazi mara ya mwisho,
nikaizima ile AC.